Pindo la Gauni la Kahawia

Katikati ya studio kuna jukwaa la mbao, na juu yake alama za chaki: nyayo mbili, wa kushoto umetangulia kidogo, na nyuma yake miduara minne ilipokaa miguu ya kiti. Mwenyewe hayupo. Wachoraji watatu waliokodi chumba hicho hulizunguka jukwaa kwa adabu, kama watu waliofika msibani wamechelewa. Walijaribu kumkalisha mlinzi, akaanza kukoroma dakika ya kumi na mbili. Wakamkalisha mchumba wa mmoja wao, akataka simu yake. Mfagizi alipouliza kama afute chaki, alikemewa kana kwamba ametaja kufukua kaburi.

Chaki ile ilikuwa ya kazi tu, ili anayechorwa akishuka kunyoosha mgongo, akirudi aweke miguu pale pale. Waliichora kwa sekunde kumi, bila kufikiri. Katika miaka tisa ndiyo mchoro wao pekee uliofanana naye.

Walimwita Tuli, kwa jinsi alivyojua kutulia. Zamani alikuwa mshonaji kiwandani, kiwanda kikafungwa, akapata kazi ya kukaa: asubuhi tatu kwa wiki, saa tatu hadi kengele ya saa sita, amevaa gauni lake la kahawia alilolishona mwenyewe. Suala hilo la nguo ndilo lililomletea balaa. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa ameshaamua kwamba mwanamke anayechorwa hawezi kuwa na nguo mwilini.

"Hakuna anayelipwa kwa kukaa tu," alisema siku moja mezani. "Hata mimi nakaa."

"Unakaa bure, shemeji. Ndiyo maana hakuna anayekuchora."

Dada yake alicheka mpaka akapaliwa. Mama yao hakucheka. Mama naye alikuwa mshonaji, macho yamefifia, miwani yake minene kama vitako vya chupa, na kwa miaka mingi kazi ya kumtilia uzi kwenye sindano ilikuwa ya Tuli. Tangu maneno ya shemeji yaanze, mama alikuwa akihangaika na uzi peke yake dirishani, analamba ncha, anakosa tundu, analamba tena. Tuli akinyoosha mkono, mama aliisogeza sindano upande wa pili. Hakuwa amemtukana. Kwa Tuli, afadhali angetukanwa.

Mkubwa wa wachoraji alijiita Maestro, na shughuli yake ilikuwa kuufikiria upya mwili wa binadamu. Mwili huo ulikuwa umejikalia maelfu ya miaka, na vidole vyake kumi, ukimsubiri mtu asiyeweza kufunga vifungo vya shati lake bila kuruka kimoja. Wakati wa mapumziko Tuli alipita kwenye turubai zake akizitazama kwa jicho la mkasi.

"Huyu nikimshonea blauzi, huu mkono wa tatu nautoboleaje?"

"Mkono wa tatu ni upweke, Tuli."

"Basi upweke haudai kitambaa. Afadhali."

Siku moja alimwomba jambo. "Nataka picha moja tu, Maestro. Uso wangu, gauni langu. Mama aje aone ninavyokaa."

Maestro aliweka mkono kifuani. "Nitakuchora mzima."

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi mchana. Tuli alikuja na mama na shemeji, amelivaa lile lile gauni kama mtu anayekwenda na kielelezo mahakamani. Turubai ilikuwa kubwa kuliko mlango. Juu yake palikuwa na mwili wa buluu, uchi, una magoti matatu, na mahali pa kichwa pana dirisha lililofungwa. Kibao kilisema: *Tuli, Mzima*.

"Si nilisema?" shemeji alinguruma.

"Shemeji, huyo ana magoti matatu!"

"Magoti si hoja. Nguo ziko wapi?"

Mama aliisogelea picha, akainama, miwani ikakaribia kugusa rangi. Mhudumu akamwambia arudi nyuma, mama akawa kiziwi kwa muda. Chini kabisa, pembeni ya goti la tatu, kulikuwa na sehemu ndogo kama kiganja ambayo buluu haikuifikia: kitambaa cha kahawia, uzi mweupe, msalaba mmoja, pengo, msalaba mmoja.

"Pindo hili nilimfundisha mimi," alisema. Akageuka, akainua pindo la gauni la bintiye mbele ya ukumbi mzima, akalilinganisha bila haraka. "Alikuwa amevaa. Mkwe wangu, mtake radhi shemeji yako."

Shemeji alikwenda kutafuta glasi ya maji.

"Twende nyumbani, mwanangu," mama akasema. "Uzi umenishinda."

Maestro naye alikuwa na msiba wake. Mchambuzi mmoja alikuwa amesifu kila kitu isipokuwa kile kipande cha kahawia, ambacho alisema kinaiburuta picha irudi duniani. Maestro aliungama kuwa ni masalia ya wiki ya kwanza, alipokuwa bado anachora anachokiona, akasahau kukifunika. Jumatatu picha ilirudishwa studio, na Tuli, akiwa kitini, alimwona amepiga magoti na brashi ya buluu.

"Unafanya nini?"

"Nasahihisha kosa. Usitikisike."

Brashi ikapita juu ya msalaba wa kwanza. Tuli akasimama. Kwa miaka tisa, nje ya mapumziko, hakuwahi kusimama kabla ya kengele.

"Muda bado!" Maestro alipiga kelele. "Nitakuchoraje?"

"Nifikirie nimekaa," Tuli alisema, akichukua mkoba wake. "Si ndiyo kazi yako?"

Picha sasa ni buluu mpaka chini. Tuli yuko nyumbani kwa mama yake, chumba cha mbele, kwenye mashine ya pili kutoka dirishani, anashona sare za shule. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, hutia uzi kwenye sindano tano za mama na kuzichomeka kwenye pazia, mahali ambapo mkono wa mama unafika.