Maji ya bati la jirani, na swali ambalo Bibi hakulijibu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasongo, ambako mvua imeanza tena wiki hii.

Nimesoma humu nyuzi za watu wanaogombana na majirani kwa ajili ya maji ya paa. Naomba niweke la kwetu. Lilimpata Bibi, mzaa mama, wakati wa Wabelgiji. Nimelisikia kinywani mwake mara nyingi, na sitaongeza kitu.

Bibi alitoka katika familia za Waislamu wa hapa mjini. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi. Jirani yake, Mkristo aliyeitwa Baba Roza, alikuwa karani wa pamba, na ndiye wa kwanza mtaani kuezeka bati.

Nyasi hunywa mvua na kuidondosha polepole. Bati humwaga yote kwa pamoja, mahali pamoja. Na bati lile lilielekea ukuta wa chumba cha nyuma cha Bibi.

Halikuwa limeota hata kutu Babu alipofariki. Bibi akaingia eda.

Kwa wasiojua: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Mtaani kwetu wakati huo desturi ilikuwa kali zaidi. Mwanaume asiye ndugu hakanyagi ua wake, na yeye hamtolei mwanaume huyo sauti. Wakristo nao waliijua desturi hiyo, wakaiheshimu.

Ukuta ukaanza kulika chini. Mke wa karani alikuwa ameenda kwao Wamaza kujifungua, hivyo upande ule hapakuwa na mwanamke wa kuambiwa. Bibi akamtuma wifi yake, Mwamini, ambaye ulimi wake ulijulikana.

"Karani!" Mwamini akamwita barabarani, watu wakisikia. "Bati yako iko inalia sana, lakini machozi inaanguka kwetu!"

Watu wakacheka. Karani naye akacheka. "Ambia wifi yako anivumilie, mama. Nitaitengeneza."

Na kweli alitengeneza. Alikunja bati, akapata mfereji, akaufunga upenuni ili maji yaende nyuma, bondeni. Lakini mfereji uliishia kwenye ua wa matete wa Bibi. Ili aone maji yanaangukia wapi, ilimbidi achungulie kwa mjane.

Hakuchungulia.

Mvua ya kwanza ilipopungua, alisimama upande wake akamuuliza Bibi kwa sauti: "Mama Salima! Maji inafika kwako tena?"

Bibi alikuwa nyuma ya matete hayo hayo, maji yakimfika vifundoni.

Hakujibu.

Karani akangoja, akauliza tena. Kisha Bibi akamsikia akisema peke yake, kama mtu aliyeridhika: "Basi, iko muzuri."

Bibi alitaka kumtuma Mwamini tena, lakini Mwamini alikuwa ameenda Nyangwe kununua samaki. Shangazi wazee waliokuja kumkalia eda wakamwambia, "Ngoja arudi. Ukuta hauanguki kwa siku moja." Shangazi hao walikuwa wamejaza chumba cha mbele. Salima, binti yake wa kwanza, alikuwa na homa, akalazwa chumba cha nyuma apate utulivu.

Mchana uliofuata mvua kubwa ikarudi. Ukuta ukaangukia ndani.

Aliyemtoa Salima kwenye udongo ni karani. Alivunja matete kwa mikono, akaingia ua aliokatazwa. Mtoto alikuwa ameshakata roho. Hadi uzeeni, Bibi alisema sauti iliyombaki masikioni ni ya matete yakivunjika, si ya ukuta.

Mtaa ukagawanyika. Upande wetu walitaka karani apelekwe kwa chifu, achapwe fimbo. Upande wake wakasema, "Si aliuliza? Kwa nini mama alinyamaza?" Naye mwalimu wa msikiti akamweleza Bibi, kwa upole, kwamba kujibu neno la haja hakukuwa haramu kamwe.

 

Asubuhi ya shauri alisikia jembe nyuma ya ua. Karani alikuwa akichimba mtaro kabla ya kwenda kwa chifu. Bibi, akiwa bado ndani ya eda, akasimama palepale aliposimama siku ile.

"Baba Roza. Maji inafika."

Jembe likatulia.

"Inafika wapi, Mama Salima?"

"Huku. Chimba karibu na mimi."

Mwamini akapeleka kwa chifu neno moja tu la Bibi: asichapwe, amalize mtaro.

Mtaro huo upo hadi leo. Kila mwaka, mvua ikikaribia, nyumba zetu mbili huusafisha pamoja, na hakuna anayeondoka mpaka mmoja aulize na mwingine ajibu kwa kinywa.

Mwezi uliopita mjukuu wa karani alibadilisha bati. Akaja kwenye ua wangu: "Mama, maji inafika kwako?" Nilikuwa na hasira naye kwa mambo mengine kabisa, na nilitamani kumnyamazia.

Nilimjibu.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki: kabla ya kushtakiana, nenda ukaone kwa macho yako maji yako yanaangukia wapi, na uombe ruhusa ya kuona. Na ukiulizwa, sema. Karani alimheshimu Bibi, Bibi aliiheshimu desturi, na katikati ya heshima hizo mbili alikuwa amelala mtoto.

Kwenu mambo haya mnayamaliza vipi? Andikeni, hata mnaoona Bibi alikosea. Yeye mwenyewe hakuwahi kulikataa hilo.