Mwaka Tuliochelewa Kuchoma

Mume wangu alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali upande wa Kilambo. Kila mwaka, masika yakiisha na majani yangali na ubichi, yeye na wanakijiji walichoma ukanda kuuzunguka msitu, kwa moto mdogo wa kutambaa. Kiangazi kikikaza, moto wa wawinda panya, wanaochoma majani ili panya watoke, ukifika pale unakosa chakula, unakufa.

Mwaka ule nilikuwa na mtoto mchanga, kifua kinambana. Nikamwambia mume wangu asichome. Sikumbembeleza; nilimwambia achague moshi wake au sisi, la sivyo narudi kwa mama Magomeni. Akasema basi, atangoja kidogo. Mtoto akapona. Majani nayo yakawa yameshakauka, kuyachoma kukawa hatari kuliko kuyaacha.

Moto ulikuja mchana na upepo. Ulipita pale pasipochomwa, ukala msitu, ukatokea kwenye mikorosho ya jirani yetu, mjane wa Kimakonde, yule yule aliyenizalisha. Mikorosho ilikuwa na maua. Haukubaki hata mmoja wa kuokotea korosho.

Mkutanoni mume wangu akawashupalia wawinda panya, anataka wapelekwe polisi. Mmoja akamjibu kwamba hata panya hawakuwapata, waliungua pamoja na msitu wake. Watu wakacheka. Mimi nilichemka. Hao wamewasha miaka yote. Sisi ndio tuliobadilika, na mume wangu, bwana mkubwa na kofia yake ya ulinzi, anajua. Nami nilijua.

Mzee mmoja akauliza ukanda ulichomwa lini. Aliyejibu ni yule mjane.

"Mtoto wao alikuwa mgonjwa," alisema. "Waacheni. Na hawa vijana waacheni pia."

Yakaisha hivyo. Afadhali angenitukana. Wenye kutukana unawajibu. Huyu ningemjibu nini?

Kesho yake nikachukua panga, mtoto mgongoni, nikamfuata shambani. Alikuwa anakata matawi yaliyoungua, mweusi wa masizi hadi kwenye kope. Nikaanza kukata bila kusalimia. Akanishika mkono.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Vumbi hili litamrudishia kifua."

Nikarudi. Njia nzima nilikuwa nasikia panga lake, moja, peke yake.