Nani Alijaza Ng'ombe Kwa Memory Card Yangu

Nilishikwa kwa wizi wa ng'ombe. Mchana, katikati ya mji, watu wakiona.

Askari watatu. Hawakuuliza jina. Walinitoa kwa farasi, wakachukua upanga yangu, wakanitupa ndani.

Na mimi sikuwa nimeiba hata mkia.

Nilipotoka nikapanda hadi kejani kwangu, kule juu ya kilima. Nikafungua gate.

Boma ilikuwa imejaa ng'ombe.

Sasa kabla mniite muongo, huo mji haukuwa Kitengela. Ulikuwa ndani ya TV. Lakini hizo ng'ombe zilikuwa za ukweli kuliko vile nilidhani, ndio maana nimelipa cyber hapa Isinya niwaambie. Hii story ni yangu, sijaitoa kwa mtu.

Ilikuwa mwaka huu, 2009, ile kiangazi imetumaliza sote.

Naitwa Kakuta. Shule niliacha form two. Hakuna mtu alinifukuza, nilichoka tu kukaa. Kazi yangu Kitengela ilikuwa kuchimba mashimo ya posts. Mtu akinunua plot, kitu ya kwanza ni kuzungushia waya. Boss alikuwa Mkamba anaitwa Muteti, na tulifunga waya kutoka Kitengela hadi Isinya, mpaka njia nilikuwa napita na mbuzi nikiwa mtoto sasa siwezi pita.

Nikitoka kazi naenda kwa Wanjira.

Wanjira ni msichana alikuwa anasimamia den ya game za PlayStation, mabati tupu, nyuma ya butchery. TV zilikuwa nne. Tatu ni za mpira, zimejaa watu na kelele. Ile ya kona, yenye rangi imeharibika kidogo, hakuna mtu alikuwa anaitaka. Hiyo ndio yangu.

Wasee wa mpira walikuwa wananichezea.

"Kakuta, score ni ngapi?" Huyo ni Ishmael, fundi wa baiskeli, mdomo mrefu.

"Haina score."

"Sasa unajuaje umeshinda?"

"Sijui."

"Wueh! Huyu amelipa kutembea. Si utoke nje utembee bure?"

Nje kulikuwa na waya. Nikashika pad, nikaendelea.

Hiyo game, jina yake ya ukweli hatukuwahi kujua. CD ilikuwa ya kuchoma, mtu ameandika FARASI juu na marker pen. Basi tukaiita Farasi.

Unaanza na nguo moja na farasi moja. Halafu unaachiliwa.

Msee, unaachiliwa! Ukiona mlima, unaupanda. Ukiona moshi huko mbali, ukifika unapata mtu anapika. Hakuna mtu anakuuliza certificate. Mfalme anasema njoo uniokoe na mazimwi, na unaweza kataa. Mimi nilikataa muda mrefu sana. Nilikuwa nafuata mto nione unaishia wapi.

Mpira inataka mtu wa kucheza naye. Hii haikutaka mtu. Hiyo pia ilinifaa.

Lakini iko na ujinga yake, wacha niseme.

Kwanza, kutumwa. Kila kijiji kuna mtu anataka umchumie maua, ama umpelekee shangazi yake mkate. Nimechimba mashimo kutoka asubuhi, halafu nije kutumwa na katuni?

Pili, mwisho wa map. Unaona milima mbele, mizuri, unaenda mbio, na farasi inagonga kitu haionekani. Inakanyaga tu hapo hapo kama imelewa.

Na kitu nilichukia kabisa ni watu wa huko. Kila mtu amepewa sentensi tatu. Kuna mzee wa gate ya mji. Ukipita anasema, "Umetoka mbali, msafiri." Ukirudi umeua zimwi, damu hadi kwa masikio, "Umetoka mbali, msafiri." Siku moja nilichoma mkokoteni yake nione. "Umetoka mbali, msafiri."

Mwanzo unacheka. Baadaye unatamani wangenyamaza tu. Uko kwa dunia kubwa hivyo, imejaa watu, na hakuna hata mmoja anajua wewe ni nani.

Na nje ya game nilikuwa na mtu kama huyo.

Baba yangu.

Tulikosana nyasi ikianza kuisha. Alitaka tuhame na ng'ombe tutafute malisho mbali. Nikamwambia mimi sitembei nyuma ya mikia maisha yangu yote. Nikatoka nyumbani, huko Mashuuru, na begi moja.

Hakunifuata. Hakunitusi. Alikuwa anapiga tu, na simu ya jirani. Na ni maneno yale yale.

"Umekula?"

"Eeh."

"Huko kumenyesha?"

"Bado."

"Haya. Mungu akuchunge."

Anakata. Wiki ijayo, umekula, kumenyesha, Mungu akuchunge. Nikaona huyu ni mzee wa gate kabisa.

Nikaacha kushika simu.

Sasa rudini kwa ng'ombe.

Pale den, memory card za customers zilikuwa zinakaa kwa mkebe ya Kimbo, kila moja na jina kwa masking tape. Hiyo ndio inaweka game yako, wapi umefika, uko na nini. Nikatoa yangu, nikaenda kwa Wanjira nayo na hasira.

"Nani anacheza na card yangu?"

"Hiyo ni mswaki yako? Ikiguswa inaoza?"

"Kuna ng'ombe."

"Kuna nini?"

"Ng'ombe! Kwa boma yangu!"

Den yote ikageuka. Ishmael alianguka kutoka kwa bench.

"Maasai ni Maasai tu! Hata kwa PS anafuga!"

Wanjira akasema hajui kitu, akarudi kwa simu yake.

Wiki iliyofuata ziliongezeka. Moja ya kahawia na kiraka kwa jicho. Halafu moja ya kijivu, pembe imeangalia chini.

Na kitu ilinishinda ni hii. Ng'ombe za hiyo game ziko bondeni, kwa mashamba ya watu. Hata sikujua zinaweza hama. Nikajaribu mwenyewe. Nikienda na farasi mbio, zinatawanyika kama kuku. Nikajaribu tena, tena, hakuna hata moja ilifika kilimani.

Huyu mtu alikuwa anafanya aje?

Mwanzo nilikuwa na hasira, askari walikuwa wananisaka kila mahali. Lakini polepole ikanigeuka. Nikitoka kazi siendi tena milima. Naenda nyumbani, ile nyumba ya game, nione kama amepita. Nione kama kuna mpya.

Mtu alikuwa ameingia kwangu. Si kuiba. Kuleta.

Nikanunua taa nikaning'iniza mlangoni. Taa haina kazi kwa hiyo game, haikuongezei nguvu, haiwezi hata kubebwa. Nilitaka tu aone kuna mtu anaishi hapo.

Halafu nikaanza kuwaza vibaya. Nani anashika huo mkebe siku nzima? Wanjira.

Nikaoga vizuri. Nikamletea smokie, kachumbari mingi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kula."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Kakuta, umeua mtu?"

Alikula lakini.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa market day, na posts za Muteti hazikufika, akatuambia turudi nyumbani. Sikuwa na nyumbani ya maana. Nikaenda den asubuhi, saa ambayo siendagi.

Kabla niingie nikasikia sauti ndani.

"Polepole, entito! Unamkimbiza kama mwizi. Kaa nyuma. Nyuma kabisa. Wacha atembee mwenyewe."

Entito ni msichana, kwa Kimaasai.

"Mzee, farasi ni ya mbio," Wanjira akasema.

"Farasi ni ya mbio. Ng'ombe si ya mbio. Nani anapeleka mwingine?"

Nikasimama hapo nje. Nikachungulia kwa tundu ya msumari.

Baba yangu alikuwa amekalia stool yangu. Shuka, rungu kwa magoti, uso karibu uguse TV, sababu macho yake yameanza kuharibika. Wanjira ako kando yake na pad.

"Hii nyasi ni ya uongo," baba alikuwa anasema. "Inaliwa na haiishi. Na hizi ng'ombe hazinywi maji. Umewahi ona moja ikikojoa?"

"Mzee, ni game."

"Ng'ombe haikojoi ni mgonjwa."

Wanjira alicheka hadi akaangusha pad.

"Lakini kunanyesha," baba akasema.

Kweli, kwa TV mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya game, mistari mistari.

"Angalia vile kunanyesha."

Wakakaa wakiangalia mvua, wote wawili.

"Leo tunatafuta rangi gani?" Wanjira akauliza.

"Nyeusi. Tumbo nyeupe."

"Hiyo tumeikosa kila mahali."

"Twende mbele."

Wakaenda mbele. Nikaona farasi ikianza ile kukanyaga mahali pamoja.

"Imesimama kwa nini?"

"Hapo ndio mwisho, mzee. Haipiti."

"Na kule naona mlima."

"Ni picha tu."

"Kuna waya?"

"Haionekani."

"Huyu fundi ni mtu mbaya," baba akasema. "Hata ile ya Kitengela inaonekana."

Mimi hapo nje, na waya imenikata mikono yote miwili.

"Mzee," Wanjira akasema, "ile ya jicho la kiraka ulisema ni gani?"

"Hiyo niliuza hapo." Akaonyesha butchery na rungu. "Ikiwa mifupa. Ile ya kijivu ilianguka Mashuuru, ikakataa kuamka."

Ndio ikanipiga.

Hizo hazikuwa ng'ombe tu. Zilikuwa zetu. Ile ya kiraka ilinipiga teke nikiwa mtoto, alama iko kwa goti. Ile ya kijivu nilikuwa nalala nimeiegemea kukiwa na baridi. Kila moja iliyokufa, kila moja aliyouza, alikuwa anatafuta mwenye rangi yake huko ndani na kuileta kwangu.

Nilikaa nazo hizo wiki zote. Sikuzitambua.

"Si umpigie tu?" Wanjira akasema. "Ama umngoje, anakujanga jioni."

"Nampigia. Hashiki. Mtu hataki kuonekana, utamngojea wapi?" Baba akafuta macho na shuka. "Hapa naona nyumba yake. Siku ile watu wa butchery walinionyesha hapa mara ya kwanza, hakuwa na taa. Sasa ako na taa. Mtu akinunua taa, ako sawa."

Na hapo stima ikapotea.

Mwaka huu mabwawa yalikauka, stima ilikuwa ya zamu. TV ikawa nyeusi. Baba hakusonga. Alibaki na uso hapo hapo, kwa kioo.

"Hata hizi?" akauliza.

Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Apana mzee! Ziko kwa card, hazijakufa! Tumepoteza ya leo pekee."

"Ya leo hatukupata."

"Basi hatujapoteza kitu."

Nikaingia.

Kwetu, mtu wa umri wangu husalimia baba yake na mkono. Kuinamisha kichwa ni ya watoto. Mimi niliinamisha kichwa.

"Ni nani?" akauliza, sababu mwanga ilikuwa nyuma yangu. Halafu mkono wake ukanigusa kichwa, na haukutoka haraka.

"Umekula?"

Nikafungua mdomo niseme eeh. Ikakataa.

"Sijakula, Papa. Nilikunywa chai tupu. Mgongo inaniuma na mashimo ya watu. Hapa sina rafiki hata mmoja. Wale wa mpira hawanijui."

Akasikiliza yote. Wanjira akajifanya anapanga CD.

"Nyeusi ya tumbo nyeupe haiko kwa hiyo game," nikamwambia. "Nimezunguka yote."

"Haiko?"

"Haiko."

"Hiyo ndio imebaki nyumbani. Peke yake. Ni uzao wa ile nilikupatia ukiwa mtoto." Akaangalia chini. "Market ijayo nilikuwa niilete niuze. Nilitaka nikuwekee mwenzake huku kwanza, usikose kabisa."

"Usiuze."

"Ero, nani atatembea nayo? Mimi siioni tena ikienda mbali."

Ero ni kijana. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nitoke.

Tukatoka pamoja. Wanjira akanifuata mpaka mlangoni na kitu mkononi.

"Chukua mswaki yako."

Sitawadanganya ati sasa ni raha. Tulihama na nyeusi polepole hadi huku Isinya, mahali kulikuwa na nyasi kidogo. Natembea nyuma yake. Nyuma kabisa, namwacha atembee mwenyewe. Kuna siku kutoka asubuhi sioni mtu, ni upepo na mifupa ya ng'ombe za watu. Dunia kubwa, haina muziki, haina zimwi.

Mvua imeanza juzi. Kidogo.

Card iko kwa mfuko hapa. Hatuna TV, sina mahali pa kuiweka. Lakini najua ndani yake boma imejaa, taa iko mlangoni, na kunanyesha.

Jioni nikirudi, baba ananiuliza kama nimekula, halafu kama huko nilikuwa kumenyesha. Na mimi nampatia jibu ndefu, mpaka asinzie.

Kama uko na mtu kama huyo, wa maneno matatu tu, usidhani hana ya nne. Anangoja ujibu ile ya kwanza.

Nimemaliza, dakika zimeisha. Nyeusi nimeifunga hapo nje kwa post ya fence ya watu.

Hiyo shimo nilichimba mimi.