Gari Lililougua Jumapili

Juzi mume wangu alikuwa kibarazani, hapa kwetu Dilala, akisugua mnyororo wa pikipiki kwa mswaki mkuukuu aliouchovya kwenye petroli. Harufu ilipoingia ndani nilimwambia akafanyie kazi hiyo mbali na mimi. Akadhani nina mimba. Sina mimba, nina baba, ingawa alikwisha kufa.

Utotoni tulikaa Kapata, humu humu Kolwezi, katika zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari. Baba alikuwa karani wa mgodini, mwana wa Wakasai waliohamia kufanya kazi migodini, na msafi wa kutisha. Malori yalitufunika vumbi jekundu wiki nzima, lakini ukiingia uwanja wa kanisa Jumapili na gari chafu, watu walikusoma kabla Injili haijasomwa. Kwa hiyo kila Jumamosi Baba aliosha gari, tena si mabati tu. Alifungua boneti akaimwagia injini ndoo za maji ya sabuni, huku akituambia, "Muntu anasafisha ndani mbele ya inje."

Fundi wake alikuwa Tata Kalenga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na rafiki yake wa kula sahani moja. Mkewe ndiye aliyenisuka nywele. Mwaka mmoja Tata Kalenga alifungua lile bomba pana linalopeleka hewa ndani ya injini, akalisafisha, akalirudisha. Baadaye gari likaanza ugonjwa wa ajabu. Jumapili, njiani kwenda misa, lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likashindwa hata na kilima cha mchwa. Jumatatu Baba akilipeleka kwa Kalenga, linanguruma kama halijawahi kuugua.

"Mi siyone kitu, tata," alisema Kalenga akifuta mikono. "Leo iko natembea muzuri."

Ikawa hivyo tena na tena, mpaka Baba akajitungia maelezo. Kalenga, alisema mezani, ameiba kile kifaa cha umeme kilicho juu ya bomba, kinachoipimia injini hewa, akaweka kibovu; kila Jumatatu anarudisha kizima ili aonekane hana kosa. Mama aliuliza ni mwizi gani huyo anayerudisha alichoiba kila wiki. Baba akamwambia ale chakula chake.

Kanisani kwetu, mwisho wa misa, mwenye tangazo husimama. Jumapili moja akasimama Baba.

"Bandugu, mulinde bitu byenu. Kuko muntu anasali na siye hapa, kisha anaiba mu motokari ya benzake."

Hakutaja jina, wala hapakuwa na haja. Fundi wa magari kanisani mle alikuwa mmoja. Tata Kalenga alibaki ameshika kofia magotini, na mkewe akaanza kukusanya watoto. Magari yakaacha kuja uani kwake. Haukupita muda wakahamia Kisenge, mji wa mbali, kutafuta watu wasiowajua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizo mabomba ya Kapata yalikauka, Baba akakosa maji ya kuoshea gari, nalo likapona kabisa. Akatamba: mwizi ameondoka, mnaona? Kisha maji yakarudi. Jumamosi akaosha. Jumapili likakohoa.

Alifungua boneti akiwa na suti yake ya misa, injini ikiwaka, akaanza kutikisa waya mmoja mmoja. Alipogusa plagi ndogo ya kile kifaa cha juu ya bomba, injini ikazimika. Akaichomoa. Tone la maji likamdondokea kiatuni. Ndani, vijino vya shaba vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, kijani kile kile cha mawe ya shaba yaliyowaleta babu zetu Kolwezi. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaniagiza mswaki na petroli, akasugua, akakausha kwa leso, akairudisha plagi mahali pake. Injini ikawaka bila kukohoa hata kidogo.

Niliruka kwa furaha. "Papa, sasa Tata Kalenga atarudi. Ilikuwa mayi."

"Ingia mu motokari. Misa inaanza."

Yalipofika matangazo nilikuwa nimekwisha kusogeza miguu ili apite. Hakusimama. Nikadhani amesahau, nikamvuta mkono wa koti. Aliushika mkono wangu taratibu, akaurudisha pajani kwangu.

Tangu siku ile hakuosha injini tena, na gari halikuugua tena. Ila kila Jumapili, kabla ya matangazo, Baba alitoka nje. Alituambia anatangulia kuwasha gari lipate moto, nami nilimwamini miaka mingi, nikijivunia baba anayejali gari lake namna ile. Tulimkuta amekaa nyuma ya usukani, macho mbele, injini ikiunguruma kwa raha zake.

Tata Kalenga alizikwa Kisenge. Kule Kapata bado wako wanaomwita mwizi, na jambo hilo sijamsamehe Baba, hata kaburini. Siku hizi naendesha gari langu mwenyewe, nimejifunza hali yake wakati wa baridi na wakati wa joto. Lile la Baba lilikuwa zima. Halikuhitaji kupashwa moto hata Jumapili moja.