Kaiti Nyekundu na Goti la Rashidi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu Mwanaidi, ndiyo siku ninayotamani nisingekuwa nayo. Umekuja hapa Mikumi kuniaga, unakwenda Unguja kujifunza kazi ya kaiti, zile tiara kubwa zinazomvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao. Umeniuliza swali moja tu: anayepanda ubao usio na mikanda ya miguu achague kaiti ipi? Unasema baba yako ndiye aliyekuambia, "Kamuulize ba'mdogo wako, yeye anajua." Nimeona aibu, mwanangu, hata chai imenishinda.

Kweli, sijawa mzee wa kutembelea mkongojo, na wewe hucheka nikijiita mzee. Cheka tu. Lakini mvi hizi si zote zimeletwa na umri.

Wakati huo ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja hapa Mikumi, mgeni mmoja mwenye shule ya kaiti akanipenda kwa uchapakazi akanichukua Unguja. Baada ya mwaka nikamwita rafiki yangu Rashidi kutoka Mvumi. Mimi nilikuwa mtunza stoo: kaiti zote zilipita mkononi mwangu, nizijaze upepo, nifunge kamba, niamue leo itoke ya mita ngapi, kwani upepo ukizidi hutoka ndogo. Rashidi alijifunza kupanda, na loo, alipanda! Miezi michache tu alikuwa akisimama kwenye ubao mtupu, miguu haikufungwa popote, kama amezaliwa nao. Wageni walimpigia makofi yeye, mimi nikipiga pampu. Nisikufiche, niliona wivu.

Nilijitapa mno kwamba naujua upepo, na kwa kweli niliujua. Bibi yangu wa Kisanga alinifundisha kwenye mpunga. Kabla ya kupeperusha, alirusha kwanza konzi moja ya makapi akaangalia yanaangukia wapi. Yakienda hovyo, mara huku mara kule, aliweka ungo chini akakaa, hata kama wingu la mvua limeshafika mlimani na sisi tunamhimiza. "Upepo hauna haraka na mpunga wako," alikuwa akisema. Kule pwani nilikuwa nikiokota mchanga mkavu nikaurusha vilevile, na wenzangu walinicheka, mkulima wa bara huyo.

Siku hiyo walikuja wageni na kamera zao, na mimi nikaona haya kurusha mchanga mbele yao. Rashidi akaja stoo. "Kaka, leo ipi? Mimi naona ya mita tisa." Nikamtolea ya mita kumi na mbili, nyekundu, mpya. Akaipima kwa macho. "Hii si itaninyanyua iuache ubao?" Nikamjibu, wageni wakisikia, "Kumbe mwoga! Rudi Mvumi ukalime." Wakacheka. Akaichukua.

Upepo ulikuja kwa vishindo. Kishindo cha tatu kilimnyanyua, ubao ukabaki majini, na yeye akatupwa kwenye fungu la mchanga. Goti lilitoa mlio niliousikia nikiwa nchi kavu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, likavunjika guu la mwenzangu.

Tajiri wetu, yule mwenye shule, alikuja mbio, wageni wakiwa bado mbali nasi. "Nani alitoa kaiti hii?" Nikasema, "Alijichukulia mwenyewe. Nilimkataza." Rashidi alikuwa amelala pale, anasikia. Alinitazama. Alifukuzwa kazi, mimi nikabaki.

Nilimleta nyumbani mwenyewe. Tulishuka Dumila, nikambeba hadi kwenye pikipiki, tukafika Mvumi. Nikamwamkia mama yake, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba," kisha akanishika mikono yote miwili na kulia. "Ahsante, mwanangu. Umenirudishia mwanangu." Nikapokea shukrani ile, mwanangu. Nikala na wali wake.

Nilipofika Kisanga, bibi alikuwa na ungo wake. Nilimsimulia nusu. Akauliza, "Ulirusha makapi?" Nikasema sikurusha. "Na kaiti aliichagua nani?" Nikainamisha kichwa.

"Goti ni la Mungu, likipona lisipone. Jina la mwenzio umelivunja wewe. Nenda Mvumi leo ukaliunge."

"Kesho, bibi."

Kesho ile haijafika mpaka leo. Bibi amekufa. Mama yake Rashidi naye amekufa, akinishukuru kila Idi. Na pale stendi ya Dumila, baba yako anapouza vitunguu akichechemea, umewasikia mwenyewe wakimtania: "Mjuaji huyo, alitaka kuruka kama kunguru!" Hata wewe, ulipokuwa mdogo, ulinisimulia hivyo hivyo huku ukicheka, nami nikacheka na wewe. Baba yako hakuwa mjuaji. Aliomba ya mita tisa.

Basi jibu lako ni hili. Ubao usio na mikanda unakaa mguuni kwa uzito wako tu, kwa hiyo usichukue kaiti ya kunyanyua, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Chukua ndogo, inayogeuka upesi, inayoacha kuvuta mara tu unapoilegeza, na isiyodondoka kamba zikilegea. Kabla ya hapo rusha mchanga, wacheke wanaocheka. Moyo wako ukikuambia ya mita tisa, usikubali ya kumi na mbili kwa sababu watu wanatazama. Na siku utakayomtolea mwenzio kaiti mbaya, kwani binadamu hukosea, sema "ni mimi" jua likiwa bado juu. Ukilisubirisha neno hilo, wanaostahili kulisikia watakufa.

Kesho nitafuatana nawe hadi Dumila. Nitasimama pale stendi mbele ya wauza vitunguu wote, nimwamkie baba yako kwa jina, niseme nilichopaswa kusema mbele ya mama yake. Wewe uwepo, usikie, ndipo upande basi.

Nenda, mwanangu. Mungu akurudishe kwa miguu yako miwili, na akupe ulimi mwepesi kuliko wangu. Amina.