Kuku Aliyepewa Jina la Mama-Mukwe

Mi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha, sasa ni zamu yenu. Nilinunua vifaranga vinne sokoni Fungurume, na mama muuzaji akaniapia kwamba vyote ni vya kike. Nikavifuga nyuma ya nyumba, hapa Kolwezi. Kile kinene nikakipa jina la mama-mukwe wangu, Kapinga, maana kwetu kupata wajina ni heshima kubwa. Mtoto hatujapata bado, basi nikaanzia na kuku.

Kapinga akakua. Akaota kilemba kikubwa chekundu kichwani, nikasema ni urembo. Mkia ukajipinda, nikasema ni madaha. Mayai tu ndiyo hayakuja. Lakini kila Jumapili mama-mukwe alipiga simu kutoka Mutshatsha kuuliza habari za wajina wake, nami nikashindwa kumvunja moyo. Nikanunua mayai dukani, nikamtumia kwa treni.

"Mama, wajina wako ameanza kutaga!"

Kumbe nimejitia kitanzi. Juma lililofuata akashuka mwenyewe, na kipande cha kitenge kipya cha kumfunga wajina wake kiunoni. Akaketi uani, akampakata, akafumba macho ili ambariki. Kapinga akanyoosha shingo, akawika mpaka majirani wakachungulia.

Mke wangu akakimbilia jikoni, kanga imejaa mdomoni kuzuia kicheko. Mama-mukwe akafumbua macho polepole.

"Mukwe, ile mayai nilikula, ni huyu tata, huyu baba mzima, njo aliitaga?"