Kitabu Kilichomfundisha Mume Wangu Kujilaumu

Kitabu kile kililetwa na dereva wa lori kutoka Zambia. Ubao wa ubavuni mwa lori lake ulivunjika akiwa njiani, watu wakamwelekeza kijijini kwetu Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, kwenye karakana ya kijiji, ambako mume wangu alikuwa fundi mkuu wa useremala. Safari iliyofuata alirudi kushukuru. Mimi aliniletea mche wa sabuni, na wakati ule sabuni ilikuwa zawadi ya kupokea kwa mikono miwili. Mume wangu yeye aliletewa kitabu cha Kiingereza kilichochanika jalada, kilichohusu namna mtu anavyoweza kuitawala akili yake na kufanikiwa katika kazi.

Mume wangu alikuwa ameishia darasa la nane. Hakufeli. Nafasi za kuendelea zilikuwa chache, na jina lake halikutoka. Jambo hilo lilimkaa moyoni miaka yote. Nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata siku tulipocheka pamoja niliona jinsi alivyotazama madaftari yangu. Kwa hiyo kilipomjia kitabu kinachosema kwamba mtu hainuliwi na shule bali na fikra zake mwenyewe, alikisoma kama mgonjwa anayesoma jina la dawa yake.

Jioni, mimi nikichambua maharage, alinitafsiria.

"Mwalimu, sikiliza hapa," aliniambia, maana hata nyumbani aliniita hivyo. "Kinasema kila kinachompata mtu kilianza kwanza kichwani mwake. Ukiwaza kushindwa, umekwisha kuita kushindwa kuje."

"Na mvua isiponyesha, nani ameiwaza?"

Alicheka. "Wewe subiri tu. Utaona."

Na kweli niliona, lazima nikiri. Miezi ile ya mwanzo sijawahi kumwona mtu akibadilika namna ile. Aliamka kabla ya majogoo akanoa patasi na randa za wenzake wote. Aliacha kugombana na mwenyekiti wa kijiji. Asubuhi, kabla ya kazi, aliwasomea mafundi aya moja kwa Kiswahili chake, kisha kila mmoja akasema atakachokifanya siku hiyo. Rafiki yake mkubwa pale karakanani, Mwislamu mmoja wa Tabora aliyekuja na ujenzi wa reli akaoa na kubaki, alimtania kwamba amefungua madrasa ya Kiingereza. Lakini ndiye aliyekaa karibu zaidi kusikiliza. Karakana ikasifiwa kwenye mikutano. Ikapewa kazi ya kutengeneza madawati ya shule za tarafa nzima, na binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu, akawa anakwenda kukalia kila dawati jipya ili kulijaribu.

Kisha misumari ikaadimika.

Hakuna aliyeishi miaka ile asiyekumbuka. Vita vya Uganda vilikuwa vimechukua malori, mafuta yalikuwa ya foleni, na dukani mlikuwa na rafu na muuzaji tu. Mume wangu alikwenda Mbeya kufuata misumari akarudi mikono mitupu. Akaenda tena. Kitabu kilisema anayerudi mlangoni mara nyingi hatimaye hufunguliwa, naye akawa anarudi kwenye mlango ambao nyuma yake hamkuwa na kitu. Walijaribu kuunga madawati kwa mambo, yaani vigingi vidogo vya mti, badala ya misumari, na yalitoka mazuri, lakini baadaye mbao nazo zikakoma kwa sababu lori la kuzileta lilikuwa juu ya mawe, halina matairi.

Mafundi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakienda Tunduma kubahatisha biashara za kuvuka mpaka. Siku yule wa Tabora alipokuja kuaga, nilikuwepo.

"Fundi, nchi nzima haina misumari," alimwambia. "Utaipataje kwa kuamka mapema?"

"Hilo neno ndilo linalotumaliza," mume wangu akajibu. "Kosa liko kwangu. Sikupanga vizuri. Nilianza kuwa na wasiwasi, na ninyi mkauona."

"Kosa lako wewe? Wewe ndiye unayeleta mafuta bandarini?" Akanigeukia. "Shemeji, zungumza na mwenzio. Mtu hawezi kubeba nchi kichwani."

Nilizungumza naye. Lakini nilikuwa nazungumza na mtu aliyekwisha kufundishwa kwamba kumlaumu mwingine ni tabia ya walioshindwa. Kila nilichotaja, vita, mafuta, malori, alikitikisia kichwa kwa upole kama mwalimu anayesikia jibu lisilo sahihi. Akaacha kula vizuri. Alikaa kwenye karakana tupu akisoma sura zilezile, akitafuta ni wapi alipokosea.

Msimu wa baridi uliofuata surua ikaingia kijijini. Binti yetu aliugua miongoni mwa wa kwanza. Vipele vilipoanza kukauka tulidhani amepona, kumbe ugonjwa ulikuwa umeshuka kifuani. Mganga wa zahanati alimpima, akatuonyesha kabati tupu la dawa. Hamkuwa na sindano hata moja ya kumchoma. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa kutembea kwa ajili ya kubana mafuta. Mume wangu akaondoka kwa miguu kwenda ng'ambo ya mpaka, ambako tulisikia dawa bado inapatikana.

"Atapona," aliniambia mlangoni. "Usiwaze kingine. Umenielewa? Usiwaze kingine chochote."

Binti yetu alikata roho jua likiwa bado juu, kichwa chake mkononi mwangu. Mume wangu alirudi jioni na chupa za dawa ndani ya shati, akawakuta wanawake uani.

Hakulia. Baada ya mazishi watu walipotawanyika, aliniita chumbani, akaniambia jambo ambalo sijaweza kulisahau mpaka leo.

"Ni mimi," alisema. "Nikiwa njiani nilichoka, nikakaa kidogo. Wazo likanijia kwamba sitamkuta. Nililifukuza, lakini lilikuwa limekwisha kuingia. Ndilo lililomuua."

"Baba, surua ndiyo iliyomuua. Surua na kabati tupu."

"Wewe uliwaza kwamba atapona?"

Nilikuwa nimewaza mengi siku ile. Kila mama huwaza. Nilimwambia kwamba mimi pia niliogopa kumpoteza, tena niliogopa kabla yake. Nilidhani namsaidia mzigo. Akanitazama, na nikaona kwamba sasa alikuwa na watu wawili wa kulaumu badala ya mmoja.

Hatukugombana. Ingekuwa nafuu tungegombana. Tuliishi nyumba moja kama wageni waliopangiwa chumba kimoja. Aliacha kazi, kisha akaacha kuoga mpaka nimkumbushe, kisha akaacha kuzungumza isipokuwa kuitikia salamu. Kitabu nilikichoma jikoni mchana mmoja naye akiwa ananitazama. Hakunizuia. Maneno ya kitabu alikuwa ameyahifadhi yote kichwani. Mwishowe ndugu zake wakaja kutoka Isongole wakamchukua, wakisema labda nyumbani kwao atatulia.

Miaka michache baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo ya walimu. Katika somo la saikolojia tulipewa kitabu, na ndani yake nikakuta ukurasa unaoeleza watu waliofiwa, jinsi wengine wanavyojihukumu kwa jambo wasilolitenda, wakiamini kwamba wazo lao ndilo lililoua. Kilieleza kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, ukimya. Kilisema ni ugonjwa, na kwamba una tiba. Nilisoma nikilia mbele ya wenzangu. Niliomba ruhusa nikaenda Isongole na kitabu chenyewe.

Nilimkuta ameketi kando ya ghala ya mahindi, amekonda, nywele nyeupe kichwani kabla ya wakati. Mama yake akanipa kigoda. Nikamsomea ukurasa ule polepole kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akinisomea yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwa muda nilidhani kuna kitu kimefunguka.

"Umesoma vizuri, Mwalimu," akasema. "Lakini hicho nacho ni kitabu."

Nilimsihi twende wote hospitali ya mkoa. Alikataa kwa adabu. Mama yake akanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, sisi tumekwisha kumzoea hivi. Na wewe jaribu kuzoea."

Alifariki masika iliyofuata, kwa homa ambayo hakumwambia mtu kuwa anayo. Mimi nikaendelea kufundisha. Wanafunzi wangu wengi walikaa kwenye matofali kwa kukosa madawati, na walipoulizwa watakuwa nani wakiwa wakubwa walinyanyua mikono wote kwa pamoja.